Dirisha Dogo la NBA: Namna ya Kupima Dili Bila Kupofushwa na Jina la Mchezaji

Tarehe 24 Februari 2011, saa tano usiku kwa saa za Dar es Salaam, dirisha la NBA lilifungwa huku jina la Hasheem Thabeet likiwa ndani. Memphis Grizzlies walikuwa wamempeleka Houston Rockets. Kwetu uliingia unyonge wa msibani. Kijana aliyepita Makongo, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009 (zoezi la klabu kuchagua chipukizi kwa zamu) mbele ya James Harden na Stephen Curry, alikuwa anaondolewa hata msimu wake wa pili haujaisha. Nilifungua daftari langu la kikapu nikaandika maneno mawili: "Memphis wamekosea."

Haikupita miezi miwili nikayakata kwa mstari. Tangu hapo nina utaratibu ninaoufuata kila Februari, na nauandika hapa kwa ajili ya wewe unayekesha na simu mkononi, unasoma nani kaenda wapi, halafu kesho yake kijiweni unatakiwa useme nani kapatia na nani kapigwa.

Kwanza tuelewane jambo moja. Tumezoea dirisha dogo la soka, ambako klabu inatoa fedha, mchezaji anakubaliana maslahi, anasaini mkataba mpya, anavaa jezi. NBA haiendi hivyo. Mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji, au kwa haki ya kuchagua chipukizi kwenye drafti za mbele, na mkataba wake unahama naye vilevile ulivyo, mshahara uleule na miaka ileile. Wengi hawaulizwi. Fedha taslimu zinaruhusiwa kidogo tu, za kusawazishia mzani. Kwa hiyo swali la "wamemnunua bei gani" halina jibu la tarakimu moja. Bei imetawanyika, na kazi yako ni kuikusanya.

Hatua ya 1: Andika kila kilichohama, pande zote

Kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote, gawa ukurasa katikati. Dili la Thabeet kwenye daftari langu linaonekana hivi:

Memphis wametoa: Hasheem Thabeet, DeMarre Carroll, chaguo la raundi ya kwanza.
Memphis wamepata: Shane Battier, Ish Smith.

Chini ya kila jina weka umri, nafasi anayocheza, mshahara wa mwaka na mwaka mkataba unapokwisha. Usiache hata jina dogo. Usiku ule sisi tulimwona Thabeet peke yake, na Carroll hatukumtaja. Houston nao walimwachia mapema. Miaka minne baadaye Carroll huyohuyo alikuwa anaanza kwenye Atlanta Hawks iliyoshinda michezo 60.

Andika kwa penseli. Dili halijakamilika mpaka wachezaji wapite vipimo vya afya. Februari 2025 Los Angeles Lakers walikubaliana na Charlotte Hornets kumchukua senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya pete, Mark Williams kwa Dalton Knecht, Cam Reddish, chaguo la raundi ya kwanza la 2031 na haki ya kubadilishana chaguo la 2030 (mwenye haki huchukua lililo bora kati ya la kwake na la mwenzake). Siku chache baadaye vipimo vikakataa, dili likafutwa, kila mtu akarudi alikotoka. Watu walikuwa wameshagawa alama.

Na ukurasa usiufunge siku ya mwisho. Klabu huachia wachezaji baada ya dirisha, na anayeachiwa kabla ya 1 Machi kuisha anaruhusiwa kucheza mtoano na klabu nyingine. Nafasi iliyobaki wazi kwenye kikosi nayo ni kitu kilichopatikana.

Hatua ya 2: Uliza kila klabu imesimama wapi usiku huo

Hapa ndipo nilipokosea 2011, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nilimpima mchezaji kwa mchezaji: mmoja ana miaka 24 na urefu wa mita 2.21, mwingine ana miaka 32 na mkataba unaokwisha kiangazi. Ukiishia hapo lazima useme kijana ndiye wa thamani zaidi. Lakini Memphis walikuwa na nini? Senta wao alikuwa Marc Gasol, aliyekuwa anakua kila mwezi. Thabeet alikaa nyuma yake na dakika hakuzipata. Pembeni, Rudy Gay alikuwa ameumia bega. Timu ilikuwa inapigania nafasi ya mtoano kwenye Kanda ya Magharibi na haikuwa na mtu wa kumkaba mfungaji wa pembeni dakika za mwisho. Battier kazi yake ilikuwa hiyohiyo.

Houston nao? Yao Ming alikuwa nje, mguu umemgomea. Walihitaji mtu mrefu wa kumjaribu, na Battier angeondoka kiangazi bila wao kupata chochote. Ukiandika mahitaji ya kila upande, unaona watu wawili waliokwenda sokoni kila mmoja na kapu lake.

Mfano wa wazi zaidi ni wa Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa. Februari 2001 Philadelphia 76ers walikuwa wameshinda michezo 41 na kupoteza 14, wakiongoza Mashariki, na senta wao Theo Ratliff alikuwa amevunjika kifundo cha mkono. Wakampeleka Atlanta Hawks pamoja na Toni Kukoč, Nazr Mohammed na Pepe Sánchez, wakamchukua Mutombo mwenye miaka 34. Ratliff alikuwa mdogo kwake kwa karibu miaka saba. Kwa jicho la klabu inayojenga, dili lile ni la hasara. Kwa jicho la klabu yenye Allen Iverson kwenye kilele chake na senta aliyefungwa bandeji, hakukuwa na mwaka mwingine wa kungoja. Walifika fainali, wakafungwa na Lakers 4–1. Msimu ule Mutombo alichukua tuzo ya mlinzi bora kwa mara ya nne.

Basi kabla ya kutoa hukumu weka kila klabu kwenye fungu lake: inayotafuta ubingwa sasa hivi, inayojenga upya, au iliyokwama katikati. Hiyo ya katikati ichunguze zaidi, maana ndiyo hujidanganya kwamba mchezaji mmoja ataipandisha.

Hatua ya 3: Soma mkataba kabla ya takwimu

Mchezaji yuleyule ni dili zuri kwa mshahara mmoja na mzigo kwa mwingine. Msimu wa 2025–26 kikomo cha mishahara kiliwekwa kuwa kama dola milioni 154.6 kwa klabu. Klabu inaweza kukizidi, lakini kuna vizingiti viwili juu yake: cha kwanza karibu milioni 195.9, cha pili karibu 207.8. Aliye juu ya kizingiti cha pili amefungwa mikono. Hawezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili ampate mmoja wa mshahara mkubwa, hawezi kutuma fedha taslimu, wala kupokea mshahara unaozidi anaoutoa. Ndiyo maana siku hizi utaona nyota akiondoka kwa bei inayoonekana ya kutupa. Mara nyingi klabu inatafuta pumzi.

Tazama pia miaka iliyobaki. Februari 2022 Boston Celtics walimchukua Derrick White kutoka San Antonio Spurs kwa Josh Richardson, Romeo Langford, chaguo la raundi ya kwanza la mwaka ule na haki ya kubadilishana chaguo la 2028. Wengi waliona Boston wametoa kingi kwa mtu asiye nyota. Lakini White alikuwa na miaka mitatu mingine kwenye mkataba baada ya msimu ule, kwa mshahara wa wastani. Boston walinunua misimu mitatu na nusu. Chaguo lile la 2022 likaangukia nafasi ya 25, ambako ukipata mchezaji wa benchi unashukuru.

Umri na afya viandike palepale kwenye mstari wa mkataba, kwa sababu ndivyo vinavyosema kama miaka hiyo italiwa au italala hospitali. Jumapili ya 2 Februari 2025 kwetu kumekucha, habari zikaja kwamba Dallas Mavericks wamempeleka Luka Dončić kwa Lakers na kumchukua Anthony Davis, Max Christie na chaguo moja la raundi ya kwanza, la 2029. Dončić alikuwa na miaka 25 na alikuwa ameifikisha Dallas fainali chini ya miezi minane nyuma. Davis alibakiza mwezi mmoja kutimiza 32, na historia ndefu ya majeraha. Dallas walikuwa wanakabiliwa na mkataba wa Dončić wa takriban dola milioni 345 kwa miaka 5 na hawakutaka kuusaini. Hofu hiyo ina hesabu yake, sibishi. Lakini ukiuza miaka bora ya mchezaji wa aina ile, ukapokea miaka ya mwisho ya mwingine na chaguo moja tu juu yake, daftari halikubali hata ulipindue. Mchezo wa kwanza wa Davis, 8 Februari, alifunga pointi 26, akachukua ribaundi 16, akatoa pasi 7 za kufunga, na kabla mchezo haujaisha akatoka ameumia, akakaa nje wiki kadhaa. Meneja mkuu Nico Harrison alifukuzwa Novemba mwaka huohuo.

Hatua ya 4: Machaguo ya drafti yapime moja moja

"Machaguo manne" si kipimo, kama "magunia manne" yasivyo kipimo mpaka useme ya nini. Uliza mambo matatu: ni ya nani, ni ya mwaka gani, na yana kinga?

Kinga maana yake klabu inayotoa inabaki na chaguo likiangukia juu, kwa mfano ndani ya nafasi tano za kwanza. Lisilo na kinga linakwenda popote litakapoangukia. Siku ileile Thabeet alipohama, 24 Februari 2011, Los Angeles Clippers walitaka kumwondoa Baron Davis na mkataba wake mzito. Cleveland Cavaliers wakakubali kumpokea na kuwapa Mo Williams na Jamario Moon, lakini kwa sharti Clippers waongeze chaguo lao la raundi ya kwanza, bila kinga. Uwezekano wa chaguo lile kuwa la kwanza ulikuwa asilimia 2.8. Mipira ya bahati nasibu inayopanga nafasi za juu za drafti ikazungushwa Mei, likatoka la kwanza, na Cleveland wakamchagua Kyrie Irving. Clippers hawakukosea kwa kuwa walikuwa na bahati mbaya. Walikosea kwa kutoweka kinga, mstari mmoja tu kwenye karatasi.

Mwaka nao una uzito. Chaguo la klabu bingwa la mwaka huu ni la mwisho mwisho, lakini la miaka mitano mbele linaweza kuwa la klabu iliyozeeka na kusambaratika. Februari 2023 Phoenix Suns walimchukua Kevin Durant, wakawapa Brooklyn Nets Mikal Bridges, Cam Johnson, Jae Crowder na machaguo manne yasiyo na kinga: 2023, 2025, 2027 na 2029. La 2023 halikumtisha mtu. Lakini 2025 Phoenix walikosa mtoano, na chaguo lao likaangukia nafasi ya 10. Lilikuwa limepita Brooklyn likafika Houston, na kiangazi kile Houston wakalirudisha Phoenix kama sehemu ya kumchukua Durant huyohuyo. Phoenix wakapata Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kampala. Nilipoona kijana aliyeanzia mpira Kampala anatembea kuchukua kofia, nilifungua ukurasa wa 2023 nikaandika jina lake pembeni ya "chaguo la 2025". Mwaka 2023 mstari ule ulikuwa tarakimu nne tu.

Kama ukiona klabu inatoa machaguo ya 2027, 2029 na 2031 na kuruka miaka ya katikati, si bahati mbaya. Sheria hairuhusu kubaki bila chaguo la raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo mbele, ndiyo maana wanaruka, na miaka ya katikati wanaifidia kwa haki ya kubadilishana.

Hatua ya 5: Sasa tazama mpira

Hatua zote za nyuma ni za karatasi. Hii ni ya macho, na ndiyo ninayoipenda.

Usihukumu kwa mchezo wa kwanza, uwe mzuri au mbaya. Mimi nangoja michezo 15. Ndani yake natazama nani yuko uwanjani dakika tano za mwisho matokeo yakiwa yamekaribiana. Kocha anaweza kumsifu mgeni kwa waandishi wa habari kila siku, ila dakika hizo hadanganyi mtu. Halafu natazama anamkaba nani: mfungaji mkubwa wa wapinzani, au anafichwa kwa mtu asiyerusha? Mwisho, timu inakuwaje akiwa ndani na inakuwaje akikaa. Golden State Warriors walikuwa na ushindi 25 na vipigo 26 kabla ya Jimmy Butler kuanza kuwachezea Februari 2025. Michezo iliyobaki walishinda 23, wakapoteza 8. Ukitazama alama za Butler peke yake huoni hilo, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kumpa Curry nafasi ya kuvuta pumzi.

Nirudi kwa White. Tarehe 27 Mei 2023, Miami, mchezo wa sita wa fainali ya Mashariki. Boston wako nyuma 103–102, zimebaki sekunde tatu. White ndiye anayerusha mpira kuingia uwanjani. Anampa Marcus Smart, na hapo wengi wangesimama kutazama. Yeye anakimbia kuelekea pete. Smart anarusha, mpira unazunguka mdomoni mwa kikapu na kutoka, na White yuko pale, anausukuma ndani ikiwa imebaki sehemu moja ya kumi ya sekunde. 104–103. Hakuna safu ya takwimu inayoandika kwamba mtu aliyerusha mpira kuingia uwanjani aliamua kukimbia. Boston walipoteza mchezo wa saba, lakini mwaka uliofuata walichukua ubingwa, na White alikuwa kati ya watano wanaoanza.

Hatua ya 6: Toa hukumu mbili, kila moja na tarehe yake

Ya kwanza andika ndani ya wiki, kwa yale yaliyojulikana tu: mahitaji, mikataba, machaguo, umri. Ya pili andika baada ya misimu mitatu, kwa yale yaliyotokea. Usiiruhusu ya pili kuifuta ya kwanza. Uamuzi mzuri unaweza kuzaa matokeo mabaya, na kinyume chake.

Februari 2022 Sacramento Kings walimtoa Tyrese Haliburton, miaka 21, kwenda Indiana Pacers, wakamchukua Domantas Sabonis. Mwaka uliofuata Kings walivunja ukame wa misimu 16 bila mtoano. Ungehukumu siku ile ungesema wamepatia. Mwaka 2025 Haliburton aliifikisha Indiana mchezo wa saba wa fainali ya NBA, na katika mchezo huohuo akachanika kano ya kisigino. Niambie sasa nani kashinda. Mimi bado naona Kings walitoa kijana ambaye hawakupaswa kumgusa, lakini sitaki kumnyang'anya mtu wa Sacramento furaha ya 2023 aliyoingoja miaka 16.

Na dili la Pau Gasol. Februari 2008 Memphis walimpeleka Lakers, wakapokea Kwame Brown, Javaris Crittenton, Aaron McKie, machaguo mawili ya raundi ya kwanza na haki za kumsajili mdogo wake Pau, aliyekuwa anacheza Hispania, chaguo la 48 la mwaka uliotangulia. Memphis wakachekwa. Lakers walifika fainali tatu mfululizo na kuchukua mbili. Yule mdogo mtu alikuwa Marc: mlinzi bora wa NBA 2013, kikosi cha kwanza cha ligi 2015. Februari 2019 Memphis wakambadilisha naye, safari hii kwenda Toronto Raptors iliyoongozwa na Masai Ujiri, na miezi minne baadaye akanyanyua kombe. Ukurasa wa 2008 nimeuongezea mistari kwa miaka kumi na moja.

Huyo Marc ndiye aliyekuwa mbele ya Thabeet.

Houston hawakumpa Thabeet nafasi. Hakufikisha michezo kumi pale, na dirisha la Machi 2012 wakampeleka Portland Trail Blazers pamoja na Jonny Flynn, wakamchukua Marcus Camby. Madirisha mawili mfululizo, kijana wetu alikuwa upande wa "wametoa". Iliniuma, na bado inaniuma nikiuona ukurasa ule.

Memphis waliingia mtoano wa 2011 wakiwa wa nane. Wapinzani wao San Antonio Spurs walikuwa wa kwanza, ushindi 61. Katika historia yake yote klabu ile ilikuwa imecheza michezo 12 ya mtoano na kupoteza yote 12, na katika michezo ile Battier alikuwemo, enzi zake za kwanza Memphis. Tarehe 17 Aprili, mchezo wa kwanza, San Antonio wanaongoza kwa pointi mbili. Mpira unamfikia Battier nje ya mstari wa pointi tatu. Anarusha bila kusita, unaingia. Mchezo ukaisha 101–98, na mfululizo ukaisha 4–2.

Ukurasa wa Februari 2011 sijauchana. "Memphis wamekosea" bado yanasomeka chini ya mstari wa penseli, na pembeni yake nimeandika: Battier, pointi tatu, zimebaki sekunde 23.9.